Saba ya Kulala ni ya Okeny

Benchi letu liko nje ya geti la bohari ya mizigo, pale stesheni ya Kampala, na ni benchi la reli kweli: lilikuwa kiti cha behewa la daraja la pili, behewa likachakaa, kiti kikatembea na watu wanne mpaka hapa, na hakuna aliyewahi kuuliza kimefikaje. Mwaka huu wa sabini na tano Mzee Marjan, Mnubi, anatuuzia kahawa bila sukari, maana sukari tunaisikia tu kwa watu wenye jamaa jeshini, na yeye mwenyewe ana jamaa jeshini na bado haipati. Kushoto hukaa Komakech, tunayemwita Profesa kwa sababu alipika ugali miaka sita jikoni kwa wanafunzi wa chuo cha Kyambogo. Kulia ni pa Cleopas Omolo, Mkenya, gadi wa treni, jina lake la hapa Filimbi. Chini, juu ya gunia, hukaa Adyero na ungo wake wa karanga. Sisi humwita Mama Alal kwa jina la bintiye. Katikati hukaa mimi, mpima mizigo, Mizani kwa wenzangu, mtu wa hasira za karibu, na sioni haya kusema hivyo.

Tuna mchezo wetu, wa hatari kidogo, na tunajivunia. Gazeti la Kiswahili la Nairobi huvuka mpaka likiwa limefunga mkate, kwa sababu magazeti ya nje yamepigwa marufuku na mkate bado. Nyuma lina fumbo la maneno, vile vijumba vyeupe na vyeusi, maneno ya kulala na maneno ya kusimama, na huyo anayelitunga ni mtu wa pwani asiyetuhurumia hata kidogo. Benchini tunajaza neno moja, kisha ukurasa unasafiri. Reli yetu ni moja, ya kwenda na kurudi, kwa hiyo treni haiingii kipande cha njia mpaka dereva apokee kibali, kipande cha chuma ndani ya mkoba wa ngozi, kuonyesha kwamba mbele hakuna mwenzake. Fumbo hukaa ndani ya mkoba huo. Karani wa kituo akipokea mkoba anajaza namba yake, moja tu, na treni inayofuata inaupeleka mbele. Baada ya wiki mbili ukurasa umefika mwisho wa njia ya kaskazini na kurudi, na sisi tukitazama miandiko tunajua ni nani bado yuko kwenye kiti chake. Hakuna barua wala sahihi.

Saba ya kulala ni ya Okeny, mume wa Adyero, karani wa kituo kidogo mbele ya Soroti. Mwezi wa tatu watu wa usalama, wale wa miwani myeusi, waliingia ofisini kwake mchana, wakamwambia atoke nao mara moja, na hajarudi. Karani wa kituo cha jirani akawa anaangalia vituo viwili, na ile saba akaiacha wazi. Kurasa tano zimerudi hivyo, zimejaa wino kila mahali isipokuwa pale.

Jumamosi hiyo tulikuwa na ukurasa mpya mkononi, wa kupanda na treni ya saa nane, na Profesa alikuwa ndiye msomaji.

Profesa: Tatu ya kusimama. "Kifaa cha kukunia nazi, herufi tano." Sasa banange, Kampala hapa nazi iko wapi?

Mimi: Andika panga.

Profesa: Panga inakata. Huyu anataka kukuna.

Mimi: Basi kijiko cha meno.

Profesa: Hiyo ni sentensi, ssebo. Tunataka neno.

Marjan: Andika mbuzi.

Profesa: Muzee, mbuzi anakula. Hakuni nazi.

Marjan: Shangazi yangu aliolewa Mombasa. Nilimuona na macho yangu. Anakalia mbuzi, anakuna nazi.

Profesa: Anakalia mbuzi! Na mbuzi mwenyewe anasemaje?

Marjan: Ya mbao! Kiti ya mbao, na chuma mbele yenye meno. Wewe ulisoma Kyambogo gani?

Adyero alicheka mpaka karanga zikaruka kwenye ungo. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ashuke kutoka kaskazini kuja kumtafuta mumewe, na moyo wangu ulifurahi kabisa. Basi tukaandika mbuzi.

Hapo ndipo Filimbi alipotokea getini, anatembea haraka, na kofia ya ugadi ameishika mkononi badala ya kuivaa. Hakusalimia. Akatoa ndani ya kofia ule ukurasa wa wiki mbili zilizopita, uliokuwa umerudi asubuhi hiyo kwenye mkoba, akaufungua juu ya goti langu.

Filimbi: Tazameni saba.

Tukatazama. Ile saba ilitaka kitu kinachotandikwa chini, herufi tano, na kila mtu kwenye njia nzima alijua ni mkeka. Vijumba vinne vilikuwa vyeupe. Cha kwanza kilikuwa na M, na ile M ilikuwa ya zambarau.

Inabidi nieleze hiyo rangi. Zamani makarani wote wa reli waliandika kwa penseli ya kopi, ile ambayo ukiilowesha kwa ulimi inatoa zambarau, na ikishakauka haifutiki mpaka karatasi iishe. Siku hizi wote wamehamia kwenye kalamu za biki. Okeny peke yake alikataa. Alitembea na mdomo wa chini wa zambarau kama mtoto aliyetoka kula zambarau zenyewe, na Adyero alikuwa akimgombeza kwa hilo miaka kumi na mmoja.

Adyero aliushika ukurasa kwa mikono miwili.

Filimbi: Yuko hai. Mimi nasema yuko hai, kabisa. Nani mwingine ana hiyo penseli? Hakuna.

Marjan: Sema polepole.

Filimbi: Niseme polepole kwa nini? Mtu ameandika!

Marjan: Ameandika herufi moja. Hii ni mtego. Wamemkamata Okeny, wamechukua penseli, wanaandika M, halafu wanakaa wanangoja nani atafurahi. Leta hapa, jiko iko moto.

Mimi: Ukichoma huo ukurasa, mzee, kahawa yako utakunywa peke yako mpaka ufe.

Profesa: Ngojeni. Mimi najua. Hawa watu hawamweki mahali pamoja. Wangemweka mahali pamoja, tungesikia, Kampala hii nani ananyamaza? Wamemweka kwenye behewa la mizigo. Linafungwa, linavutwa, linaenda, linarudi. Leo Lira, kesho Tororo. Ndiyo maana Mama Alal anauliza kila geti la kambi, wanasema hatuna. Na kweli hawana! Yuko njiani.

Filimbi: Na mkoba aliupata wapi ndani ya behewa?

Profesa: Kwenye ufa. Mkono unapita. Treni ilitikisika, akaandika moja tu, ikamponyoka.

Filimbi: Mimi gadi wa treni miaka kumi na nne, nihesabu behewa zangu zote, halafu nibebe mtu bila kujua?

Profesa: Wewe unahesabu behewa, ssebo. Unahesabu vilivyo ndani?

Hapo Filimbi alikasirika, na mtu akikasirika kwa ajili ya kazi yake hutoa maneno makubwa kuliko aliyokusudia.

Filimbi: Mimi nitakwambia aliko. Alikimbia. Alivuka Malaba, yuko Kisumu, amebadilisha jina, anafanya kazi kwenye karakana yetu ya reli. Na huo ukurasa aliuandika kabla haujaja huku. Ulitoka kwetu na M yake tayari!

Mimi: Ulipotoka hapa mimi ndiye niliyeukunja. Saba ilikuwa tupu.

Filimbi: Penseli ya kopi haionekani mpaka ilowe. Mvua ya Soroti imeilowesha!

Profesa: Eh! Hiyo nayo ni akili. Basi na huyo mtunzi wa Nairobi anajua. Mbona saba imetaka mkeka? Mkeka ni wa kulalia. Okeny anatuambia amelala mahali.

Marjan: Au M ni Mbale.

Profesa: Au Moroto. Ama Masindi. Wiki mbili zijazo ataleta herufi ya pili, tungoje tu.

Adyero: Mimi singoji.

Alikuwa ameshasimama. Alimimina karanga zote ndani ya kitambaa, akafunga fundo, akauweka ungo juu ya gunia mbele ya Marjan kama mtu anayemwachia jirani nyumba.

Adyero: Hii M imeandikwa kwa ofisi yake. Nimefua mashati yake na hii rangi, naijua. Naenda na treni ya saa nane.

Marjan: Mama Alal. Bambi, nakuomba. Kaa kwanza.

Adyero: Nimekaa miezi mitatu.

Marjan: Pale geti ya mwisho walikwambia nini? Wewe mwenyewe ulitwambia. Walisema ukirudi kuuliza tena, utamfuata yeye.

Adyero: Waseme tena. Safari hii sitauliza wao. Nitauliza kituo. Nitakaa pale kwa platfomu na karanga zangu, na mtu wa kuniondoa pale atanibeba.

Mimi nilitaka kumzuia na nilitaka kwenda naye, vyote viwili kwa wakati mmoja, na kwa kuwa sikujua nianze na kipi nilimfokea Profesa bure kwa habari zake za behewa. Alal alikuwa na miaka minane, analala kwa shangazi yake kule Bugolobi, anaamini baba yuko kazini. Kila mmoja benchini alikuwa anamwaza huyo mtoto na hakuna aliyemtaja. Filimbi alisema atamwekea mama nafasi kwenye behewa lake la ugadi, nyuma, mahali ambapo askari wa ukaguzi hawapendi kupanda. Marjan akasema laana ya Mungu juu yetu sote tunaompeleka mwanamke machinjioni kwa sababu ya herufi moja.

Basi tulikuwa katika kelele hizo mgeni alipofika. Kijana wa miaka ishirini na kitu, kaki yake imepigwa pasi vizuri, sanduku la bati mkononi. Alisimama kwa adabu mpaka tukanyamaza.

Mgeni: Wazee, mama, hamjambo. Naitwa Odur. Nimeambiwa hapa ndipo linapoanzia fumbo.

Profesa aliukalia ukurasa mpya. Marjan peke yake alifanya kama mtu mwenye akili, akamwaga kahawa kikombeni akampa, na alipokuwa anampa nikaona mkono wa mzee umesimama hewani. Mdomo wa chini wa yule kijana ulikuwa wa zambarau.

Adyero naye aliona. Fundo la karanga lilimtoka mkononi.

Filimbi: Wewe unatoka wapi?

Odur: Nimeshuka na treni yako ya asubuhi, behewa la tatu. Nimetumwa kuchukua vitabu vya tiketi, narudi leo saa nane. Niko kituo kile kidogo mbele ya Soroti. Nimepewa nafasi ya karani, hii ni wiki ya pili.

Mimi: Na hiyo penseli?

Odur: Nimeikuta ofisini, imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Sikuwa na biki. Mkoba ulikuja, nikakuta fumbo ndani, nikashangaa, watu wote wamejaza wameacha moja, na ile moja ni rahisi kuliko zote. Nikailowesha, nikaandika M. Msaidizi wa dereva akanishika mkono. Akasema hiyo ni ya Okeny, akaninyang'anya mkoba, akakimbia. Nikauliza watu pale, Okeny ni nani? Mpanga njia za treni akageuka. Mama wa chai akageuka. Barua yangu ya kazi iko hapa mfukoni, inasema karani aliyekuwepo amehamishwa. Basi mimi nauliza tu, wazee, maana kuna koti lake msumarini na kikombe chake, nataka nimtumie. Alihamishiwa wapi?

Sisi, watu wa benchi la stesheni ya Kampala, tulioweza kumtia Okeny ndani ya behewa, tukamvusha Malaba, tukamlaza juu ya mkeka na kumpa kazi Kisumu, tulikaa kimya. Filimbi alikuwa anaitazama kofia yake. Swali lilikuwa la kistaarabu, limeulizwa na kijana asiye na hila, na mimi niliona aibu kubwa kwamba halikuwa limetoka kwetu. Miezi mitatu tulikuwa tunaacha vijumba wazi tukijiona mashujaa.

Adyero aliketi. Akatazama reli. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuza karanga.

Adyero: Koti lina kifungo kimoja cheusi, vingine vya kaki?

Odur: Ndiyo, mama.

Adyero: Nilishona mimi. Unayo hapa hiyo penseli?

Odur aliitoa mfukoni mwa shati, fupi, imetafunwa nyuma. Akampa kwa mikono miwili. Nadhani alikuwa ameshaelewa.

Profesa: Mama Alal, lakini labda bado...

Adyero: Nyamaza, Komakech. Toka juu ya karatasi.

Profesa alitoka juu ya karatasi, akaitandaza juu ya goti langu.

Adyero: Saba ya kulala inataka nini?

Profesa: "Mdudu atoaye asali." Herufi tano. Ni nyuki, mama, hiyo ni...

Adyero alihesabu vijumba kwa kidole, moja mpaka tano, akarudia tena. Kisha akaitia penseli mdomoni, ileile aliyoigombeza miaka kumi na mmoja, akailowesha, akainama juu ya goti langu na kuandika. Aliandika taratibu, herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la tatu. O. K. E. N. Y. Nilihisi kila herufi kwenye mfupa wa goti.

Profesa: Lakini hii itaharibu zote za kusimama. Tazama, hapa chini ya herufi ya tatu kuna ugali. Inaanza na U. Sasa itaanza na nini?

Adyero: Ziharibike.

Marjan: Binti yangu, hiyo ni jina. Wakikamata karatasi na jina ya mutu...

Adyero: Watalisoma. Wao wameandika amehamishwa, wamepiga muhuri, hakuna aliyewaambia mmekosea. Mimi nimeandika yuko hapa. Ni namba yake.

Marjan akapangusa birika ambalo halikuwa na uchafu. Kisha wote tukamtazama Filimbi, kwa kuwa yeye ndiye aliyepaswa kuubeba ukurasa kupita ukaguzi wa getini mpaka kituo cha kwanza, na yeye ni Mkenya, na mwaka huo Mkenya akikutwa na gazeti la kwao hawamuulizi mara mbili, sembuse gazeti lenye jina la mtu aliyepotea.

Filimbi: Mnanitazama nini? Mimi nimebeba mikate.

Akaukunja mara nne, akautia ndani ya kofia, akaivaa kofia mpaka kwenye nyusi.

Odur: Na mimi, mama? Mkoba ukifika kwangu nijaze ngapi?

Adyero: Saba siyo yako.

Odur: Najua.

Adyero: Chukua kumi na tisa, ya kusimama, ile ya pembeni. Haina mwenyewe. Na utafute biki. Hii penseli inabaki kwa mke wake.

Odur akasema atatafuta biki. Aliahidi koti litakuja na treni ijayo, kikombe pia, na akaondoka nyuma ya Filimbi na sanduku lake la bati. Adyero hakupanda. Alifungua fundo, akarudisha karanga kwenye ungo, na alipomaliza akafuta mdomo kwa nyuma ya mkono, lakini ile rangi ilikuwa imeshashika. Marjan akapindua birika kuonyesha kahawa imekwisha. Treni ya saa nane iliondoka saa tisa na robo.

Wiki mbili zile nililala vibaya. Kila gari lililosimama karibu na geti niliona limekuja kwa Filimbi. Nilipima magunia nikakosea, nikapima tena.

Jumamosi ya pili Filimbi alitokea getini, na kofia iko kichwani. Alikaa. Akaomba kahawa kwanza, akanywa nusu, mshenzi yule, ndipo akatoa ukurasa. Ulikuwa umejaa kona zote. Kumi na tisa ilikuwa imejazwa kwa biki ya bluu, mwandiko wa shule. Na katikati, zambarau, jina lilikuwa palepale. Hakuna aliyelikata wala kulirekebisha, kutoka Jinja mpaka mwisho wa reli.

Adyero: Nisomee za kusimama.

Profesa aliuchukua ukurasa. Alipitisha kidole kwenye herufi ya kwanza ya jina, akashuka nayo. Akaenda ya pili. Alipofika ya tatu kidole kilisimama.

Profesa: "Chakula cha unga wa mahindi, herufi tano." Hii ni namba ya karani wa Jinja. Mtu mzima, ana wajukuu.

Mimi: Ameandika nini?

Profesa: Egali.

Adyero alikuwa anamtazama yule mpishi usoni, penseli fupi imechomekwa kwenye kilemba chake.

Profesa: Sahihi kabisa. Miaka sita nimepika Kyambogo. Egali. Ndivyo inavyoandikwa.